Ukiagiza Darubini Tehran, Utapewa Kamera

Ingia duka la vifaa vya picha mjini Tehran, omba durbin, na muuzaji atakuletea kamera. Ukitaka chombo cha kutazamia nyota itabidi useme teleskop, kwa matamshi ya Kifaransa. Ajabu ni kwamba darubini yetu ilitoka hukohuko kwa Waajemi, na maana tuliyobaki nayo sisi, ya kukiona kilicho mbali, ndiyo iliyo karibu zaidi na mifupa ya neno lenyewe. Dur ni mbali. Bin ni shina la kitenzi cha kuona. Durbin ni kionacho mbali.

Mswahili haioni mifupa hiyo. Kwetu darubini ni kasha lililofungwa. Tunajua linatumika wapi, hatujui ndani mna nini. Mwajemi akisikia -bin anasikia kitenzi anachokitumia tangu asubuhi hadi jioni. Khoshbin, mwona mazuri, ndiye mtu mwenye matumaini, na badbin ni yule anayeona mabaya tu. Zarrebin, kiona chembe, ni kioo cha kukuzia. Tale'bini, kuitazama nyota ya kuzaliwa ya mtu, ni ile kazi ambayo watu wetu wa pwani huiita kupiga falaki. Kipo pia khordebin, kiona vidogo, chombo cha kuangalia vijidudu. Sisi chombo hicho tunakiita hadubini, na mkia wake msomaji sasa anaujua.

Maneno ya sayansi na ya anga yenye damu ya Kiajemi tunayo mengi kuliko tunavyodhani. Mengine yalifika moja kwa moja kwa jahazi, mengine yalipitia kwa Waarabu yakabadilishwa nguo njiani. Ndiyo maana kamusi zetu nyingi huyaandikia asili ya Kiarabu na kuishia hapo, kama mtu anayemuuliza mgeni ametoka wapi, akajibiwa "kituo cha basi", akaridhika.

Chukua mhandisi. Kwa Kiajemi andaze ni kipimo. Fundi wa nguo anapokuzungushia utepe kiunoni anachukua andaze yako. Zamani neno lilikuwa na h mbele, handaza, na kwa umbo hilo Waarabu wakalichukua wakaunda handasa, elimu ya maumbo na vipimo, na muhandis, mtu wa elimu hiyo. Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wa enzi hizo walimtambua mgeni kwa alama moja ndogo: maneno ya Kiarabu asilia hayaweki z mara baada ya d. Kwa hiyo z ikageuzwa s, mgeni akakaa. Baadaye Waajemi walimpokea tena mtoto wao akiwa na lafudhi ya kigeni, na leo mhandisi wa Tehran huitwa mohandes, heshima ambayo watu humwekea mbele ya jina kama sisi tunavyosema daktari fulani au mwalimu fulani.

Kilichofuata huku kwetu kinanifurahisha zaidi. Ile mu- ya muhandis ni kiambishi cha Kiarabu cha mtendaji. Kiswahili kiliisikia kikadhani ni m- yake mwenyewe, ya ngeli ya watu. Basi tukapata mhandisi, wahandisi, uhandisi, kihandisi, kana kwamba neno lilizaliwa Pangani. Lugha ilibomoa ukuta usio wake na nyumba isianguke.

Ramani nayo ina safari ya aina hiyo. Rah ni njia, name ni andiko au kitabu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na vitabu vya njia vilivyoeleza nyota za kufuata, kina cha maji, rangi ya bahari karibu na nchi kavu na majina ya bandari. Kinywani mwa Waarabu rahname iligeuka rahmani. Ahmad ibn Majid wa Julfar, pale ilipo Ras al-Khaimah ya leo, mwanamaji mashuhuri wa karne ya 15, aliandika katika mapokeo hayo ya vitabu vya njia. Dira waliyoitumia iligawa upeo wa macho katika sehemu 32, kila moja ikijulikana kwa nyota inayochomoza au kuzama hapo, na kila sehemu iliitwa khan, kutoka khane, yaani nyumba. Kiswahili kilichukua rahmani, kikaipunguza kidogo, kikaibakizia kazi moja, mchoro wa mahali. Waajemi wenyewe mchoro huo leo wanauita naqshe. Neno hilo wamelitoa kwa Waarabu, na Mswahili akilitazama vizuri atamwona ndani yake nakshi, yale mapambo ya milango ya Lamu na Mji Mkongwe.

Na aliyeishika ramani hiyo ni nahodha: nav ni chombo cha majini, khoda ni bwana. Bandari anayoitafuta ni bandar, Kiajemi kitupu. Kwa njia hiyo neno la anga na neno la bahari hayakutengana, kwa kuwa nyota zenyewe zilikuwa alama za barabara.

Tukija kwenye sayari zenyewe, Waajemi wana majina seti mbili. Seti ya kwanza mtoto wa shule wa Mombasa angeitambua bila kufundishwa: Otarod, Zohre, Merrikh, Moshtari, Zohal. Ni Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali wetu, kutoka kisima kimoja cha Kiarabu. Moshtari kwa Kiajemi cha kila siku ni pia mteja wa dukani, na sisi tunaye mshitiri, mnunuzi, aliyetoka kwenye mzizi huohuo wa kununua. Mwenye duka huko akisema leo hakuna moshtari, halalamikii mawingu.

Seti ya pili ni ya kale: Tir, Nahid, Bahram, Hormoz, Keyvan. Hapa ndipo penye utamu. Nahid ni Anahita, mungu wa kike wa maji katika dini ya kale ya Iran. Bahram alikuwa mungu wa ushindi, na amepewa sayari nyekundu ileile ambayo Warumi waliipa mungu wao wa vita. Hormoz ni jina la Ahura Mazda mwenyewe, mungu mkuu wa dini hiyo, limefupishwa na karne nyingi za vinywa. Keyvan si Mwajemi kabisa. Ametoka Babeli, kwenye neno la Kiakadi lenye maana ya thabiti, asiyeyumba. Sayari hiyo huchukua takriban miaka 29 na nusu kumaliza mzunguko mmoja wa jua, kwa hiyo kwa macho ya watazamaji wa zamani ilikuwa ndiyo nzito kuliko zote, haina haraka.

Hapo pana fumbo moja. Katika maandiko ya Kizoroasta, yaani ya dini hiyo ya kale, ya Kiajemi cha kati, nyota zisizohama zilihesabiwa kuwa jeshi la wema na sayari zilihesabiwa upande wa shetani, kwa sababu hutangatanga na kuvuruga mpango. Sasa itakuwaje sayari mbovu iitwe Ahura Mazda? Majina yalikuwa yameingia kutoka Babeli, kila sayari ikipewa mungu wa nyumbani aliyefanana na mungu wa kule, na falsafa ilipofika ikakuta mabango yameshapigwa misumari. Makuhani walihangaika sana kueleza. Anayedhani istilahi za sayansi hutungwa kwa mpango na utulivu aanzie hapa.

Sisi pia tuna mvurugiko wetu. Vitabu vya falaki vya pwani vinataja buruji kwa majina ya Kiarabu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Majina haya kumi na mawili ndiyo pia yaliyokuwa miezi ya mwaka wa jua nchini Afghanistan, na Iran nayo iliyatumia kabla ya mabadiliko ya 1925. Mzee wa Zanzibar aliyesoma falaki angeweza kuisoma kalenda ya ukutani ya Kabul. Lakini baadhi ya maandishi ya Kiswahili ya baadaye yaliyafungua makasha haya bila kutazama ndani, yakaiita sayari ya Neptuni Kausi na Mshtarii Sumbula. Kausi ni upinde, buruji ya mpiga mshale. Sumbula ni suke, buruji ya yule msichana. Buruji ni kundi la nyota za mbali, sayari ni kitu kingine, na mwanafunzi akibeba majina hayo kwa mwanafalaki wa kweli atachekwa.

Kuna mahali Kiajemi na Kiswahili vimefikiri namna moja bila kukopeshana. Mah kwa Kiajemi ni mwezi wa angani na pia ni mwezi wa kulipwa mshahara, vilevile kama kwetu. Jua linapopotea mchana, Mwajemi ana neno la kitabuni la Kiarabu, kosuf, na ana neno la nyumbani, khorshid-gereftegi: jua kukamatwa. Sisi tunasema jua limepatwa. Katika lugha zote mbili jua ni mtu aliyefikwa na jambo. Na akhtar, nyota kwa Kiajemi cha ushairi, ni bahati pia. Bad-akhtar ni mtu wa nyota mbaya. Mswahili anayesema nyota yake imefifia hahitaji mkalimani.

Njia Nyeupe ya usiku wanaiita kahkashan. Kah ni makapi ya ngano, mabua makavu. Sehemu ya pili yatoka kwenye kuvuta au kukokota. Kuna mtu amepita angani amebeba mabua, yakamwagika njiani. Waarabu wana njia ya wauza mabua, Waturuki wana njia ya mabua, Waarmenia wanasema ni njia ya mwizi wa mabua. Kisha sayansi ikagundua kwamba mfumo wetu wa nyota ni mmoja tu kati ya mabilioni. Waajemi wakaipandisha cheo kahkashan: sasa ni jina la kila mfumo wa namna hiyo, na ule wetu wakaupa jina jipya lililofasiriwa kutoka Ulaya, rah-e shiri, njia ya maziwa. Kwa hiyo leo mabua yaliyomwagika yameenea ulimwengu mzima, isipokuwa jina la barabara yaliyomwagikia limebadilishwa kuwa la maziwa. Sisi tulikopa galaksi, tukamaliza.

Nani anaamua mambo haya? Swali hilo Waajemi wamelijadili kwa miaka elfu. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, alieleza falaki na hisabati kwa maswali na majibu katika kitabu alichomwandikia mwanamke aitwaye Rayhana mwaka 1029, na kitabu hicho kipo kwa Kiarabu na kwa Kiajemi. Ni miongoni mwa maandiko ya kwanza kabisa ya sayansi kwa Kiajemi kipya. Lakini Biruni huyohuyo, uzeeni, aliandika kwamba angependelea kutukanwa kwa Kiarabu kuliko kusifiwa kwa Kiajemi, lugha ambayo kwa maoni yake ilifaa hadithi za wafalme na masimulizi ya usiku. Lugha haikumsikiliza. Mwaka 1437 Ulugh Beg wa Samarkand alikamilisha orodha ya nyota 1,018 pamoja na majedwali yake ya sayari, na aliyaandika kwa Kiajemi. Majedwali ya namna hiyo huitwa zij, neno lililotoka kwenye nyuzi za kitanda cha mfumaji. Mistari ya jedwali iliyosimama na kulala iliwakumbusha kitambaa kinachofumwa.

Karne ya 20 ilileta kamati. Chuo cha lugha cha Iran, Farhangestan, kiliundwa mwaka 1935. Hiki cha sasa ni cha tatu na kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbinu yao ni kutumia vipande ambavyo kila msemaji anavijua. Sanj ni pima: damasanj, pima joto. Hiyo ni kipimajoto chetu, kipande kwa kipande. Shenasi ni ujuzi wa kitu: zamin-shenasi ni ujuzi wa ardhi, keyhan-shenasi ni ujuzi wa ulimwengu wote. Geran ni zito, na geranesh ni ule mvutano unaotuweka chini.

Kwenye anga kazi imekuwa nzuri kuliko kwenye jikoni, kwa maoni yangu. Nyota inayolipuka na kung'aa kupita kiasi ni abarnovakhtar: abar, kuu, now, mpya, akhtar, nyota. Nyota inayotuma mawimbi kwa mapigo kama ya moyo ni tapakhtar, tap likiwa pigo. Kile kiini chenye mwanga mkali cha galaksi ya mbali, kilichoonekana kama nyota kumbe si nyota, ni akhtarvash, mfano wa nyota. Shimo jeusi ni siyahchale, na msikilizaji anasikia kwa mbali siyahchal, shimo la kufungia wafungwa katika hadithi za kale; mahali ambapo aliyeingia hatoki. Mlipuko mkuu wa mwanzo wa ulimwengu ni mehbang, sauti kuu. Na mahvare, "mfano wa mwezi", ni chombo kilichorushwa na binadamu kuizunguka dunia, ilhali miezi ya asili ya sayari nyingine imebaki na neno la Kiarabu, qamar. Wamegawa kazi kati ya neno la nyumbani na neno la mgeni, hakuna aliyefukuzwa. Sisi tuna setilaiti kwa la kwanza, na mwezi kwa la pili, na mwezi tena kwa siku thelathini, na Mwezi wenyewe.

Mwanafizikia Mahmoud Hessabi alipiga hesabu: mizizi 1,500, viambishi vya mbele 250, vya nyuma 600, zidisha, unapata uwezo wa maneno zaidi ya milioni 200. Hesabu hiyo hupendwa sana na wapenzi wa Kiajemi, nami naiona ni kama kuhesabu nguo kwa kuzidisha mashati kwa suruali. Neno halizaliwi kwa kuwa linawezekana. Linazaliwa siku mtu analihitaji na jirani yake hacheki. Na Wairani hucheka kweli. Ulienea uvumi kwamba Farhangestan imeamuru piza iitwe keshloqme, tonge la kunyumbuka. Chuo kikakanusha, lakini mzaha umeishi kuliko kanusho. Tanzania ina BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967 na tunaujua mchezo huo. Kishikwambi, jina la tableti, kilipotajwa mara ya kwanza watu walishika mbavu. Leo karani wa sensa anakibeba mkononi na hakuna anayetabasamu.

Ningeulizwa, nisingeigusa darubini. Nikiivunja kwa mtindo wa Farhangestan napata kionambali, na sitaki kumwona mtoto akiliandika hilo ubaoni. Lakini kwa maneno ambayo bado hayajakaa, mbinu ya Waajemi inafaa kuibwa, hasa pale Kiswahili kinapotumia neno moja kwa vitu viwili. Kimondo ni mstari wa moto unaopita angani sekunde mbili ukazimika. Kimondo ni pia lile bonge la chuma la Mbozi, mkoani Songwe, lenye uzito wa takriban tani 16. Kiajemi kina shahab kwa mwanga, na kwa kilichofika chini shahabsang. Sang ni jiwe.

Upo pia mfano ambao tuliunda wenyewe bila kuazima kwa mtu. Lile kundi dogo la nyota ambalo Waajemi wanaliita Parvin, na Waarabu Thuraya, yote mawili majina ya wasichana, kwetu ni Kilimia. Kulima kumo ndani, peupe. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mkulima alijua ashike jembe lini.

Nimeliacha Nairuzi, siku ya mwaka mpya ya Kiajemi, nyuma kwa makusudi, kwa sababu ndani yake hamna neno peke yake, mna mashine ya kuhesabia muda. Now ni mpya, ruz ni siku. Iran huisherehekea siku hiyo jua linapovuka ikweta ya anga mwezi Machi. Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya huko, huangukia Julai. Wengine huona kwamba Waswahili walipotea njia. Hapana, waliishika hesabu ya zamani kwa uthabiti kuliko Waajemi wenyewe. Mwaka wa kale wa Kiajemi ulikuwa na siku 365 kamili, bila siku ya nyongeza. Jua huchukua karibu robo siku zaidi ya hapo, kwa hiyo kila baada ya miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja, polepole, ikipita majira yote. Mwaka 1079 Sultani Malik-Shah, akiwa na wanafalaki waliokuwamo Omar Khayyam, aliifunga siku hiyo kwenye Machi, na sheria ya Iran ya 1925 ikajenga kalenda ya leo juu ya msingi huo.

Lakini mabaharia na wakulima wa pwani hawakuwa na haja ya amri ya Malik-Shah. Walihesabu kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano juu, na kwa hesabu hiyo walijua upepo wa kusi unaanza lini na jahazi lipakie lini. Waparsi wa India, waliobaki na dini ya Zoroasta, wengi wao nao wanafuata mwaka usio na nyongeza, na mwaka mpya wao sasa huangukia Agosti. Huko Makunduchi wanaume wanapopigana kwa migomba na kibanda cha makuti kinapochomwa moto, siku yao mpya iko jirani zaidi na ya Mumbai kuliko ya Shiraz.